Nilivyojifunza kumpima panya maumivu ya jino

Nikisema nasomea maumivu sugu ya meno na natumia panya, watu wanacheka kwanza afu wanauliza, kwani panya naye anaumwa jino? Anaumwa sana tu. Ngoma ni kwamba hasemi, na kibaya zaidi anaficha, maana huko porini kila mtu anamla na anayeonekana mgonjwa ndo anayekwenda wa kwanza. Kabla sijaja huku Marekani kusoma nilikuwa daktari wa meno nyumbani Tanzania, na pale mgonjwa anaingia ameshika shavu, anakwambia dokta ni hili hapa, ling'oe tu nikalale. Huku labu hamna wa kunionyesha.

Kilichonileta kwenye hii kazi ni wale wagonjwa wa aina moja ambao daktari wa meno yeyote anawajua: jino umelitibu mzizi vizuri, eksirei inaonekana safi, usaha hamna, lakini mtu bado anaumwa miezi sita baadaye. Kuna tafiti zimekadiria ni kama watu 5 kati ya 100 waliotibiwa mzizi, na wengine wanaishia kung'oa jino la pili na la tatu wakitafuta maumivu yalipo. Sasa huwezi kumwambia binadamu ngoja kwanza nikutoboe jino nikuache na infekshen nione mishipa yako ya fahamu inafanyaje. Ndo panya wanapoingia.

Na sio jambo jipya. Mwaka 1965 mtafiti Kakehashi na wenzake wawili walitoboa magego ya panya wa kawaida na ya panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja, wakayaacha wazi. Wale wa kawaida kiini cha jino kikaoza na majipu yakatokea kwenye mizizi, wale wasio na bakteria jino likajijengea ukuta wa dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino, likajiziba lenyewe, pamoja na kwamba chakula kilikuwa kinajaa mle ndani. Yaani lile jaribio moja ndo lilimaliza ubishi wa nani anaozesha jino. Ila wao walikuwa wanaangalia jino, sio maumivu.

Sasa kutoboa. Panya mdogo wa labu ana uzito wa gramu 20 na kitu, gego lake la kwanza halizidi sana punje ya ulezi. Unampa nusu kaputi ya ketamini na zailazini, unamlaza chali kwenye kitanda cha joto, unampaka mafuta ya macho maana hafumbi, unafungua mdomo kwa vispringi, afu unaangalia kwa hadubini huku unashuka na kichwa cha drili cha nusu milimita. Unashuka kidogo unasimama, unashuka unasimama, mpaka uone kitone chekundu. Hapo ndo umefika kwenye kiini, unatoa mkono. Ukiendelea unatoboa sakafu ya jino na huyo panya hafai tena. Huweki dawa wala huzibi, bakteria wa mdomoni kwake wanajiingilia wenyewe na ndani ya wiki tatu hivi kwenye siti skani unaona mfupa umeliwa pale chini ya mizizi. Hii sehemu kwangu ilikuwa nyepesi, mkono wa kliniki ulinisaidia, wenzangu waliotoka baiolojia ndo walisota.

Kupima ndo kazi. Kuna nyuzi zinaitwa za von Frey, ni nailoni za unene tofauti, kila moja inapinda kwa nguvu yake, ya gramu 0.02, 0.07, 0.4 mpaka 1 na kuendelea. Unamgusa panya shavuni upande wa jino bovu mpaka uzi upinde na unaangalia kama anavuta kichwa, anajifuta uso kwa mkono au anaung'ata uzi. Mzima anavumilia uzi mnene, mwenye infekshen anaruka kwa uzi ambao wewe ukijigusa mkononi huusikii kabisa. Kwenye karatasi inasomeka vizuri. Kwenye meza panya anazunguka, anakunya, anakupa mgongo, na akiogopa anaganda, na panya aliyeganda hajibu chochote, unaandika haumwi kumbe kajaa hofu.

Kilichonitoa hapo ni kuacha kuhangaika na nyuzi na kuanza kuhangaika na hofu. Kwanza nikaacha kumshika mkia. Ilishaandikwa tangu 2010 kwamba panya anayebebwa kwenye bomba la plastiki anakuwa mtulivu kuliko wa kunyanyuliwa mkia, na bomba lenyewe ni la bei ya kutupa, unaliacha humo kwenye kizimba analizoea kama kwake. Pili nikawa nawazoesha kiboksi cha kupimia kabla hata sijawatoboa, kila siku wanakaa humo, naingiza mkono, siwagusi, natoka. Tatu, na hii wanaume wenzangu mtanielewa, ikabidi nikubali kwamba harufu yangu ni tatizo. Mwaka 2014 kundi la mtafiti wa maumivu Jeffrey Mogil kule Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, walionyesha panya wakinusa mwanaume, au hata tishet tu aliyovaa mwanaume, wanapata stresi inayofunika maumivu, ila akiwa mwanamke haitokei hivo. Nilicheka nikajua ni utani wa wazungu. Afu nikaanza kukaa mle chumbani muda mrefu kabla ya kupima ili wanizoee, na dada mmoja wa labu yetu akawa anapima kundi lilelile bila kujua nani katobolewa nani kafanyiwa upasuaji wa uongo. Namba zikatulia. Siku hizi kila daftari letu linaandikwa aliyepima ni me au ke.

Nikaongeza pia vipimo visivyonihitaji mimi kabisa. Kiota kwa mfano: unampa kipande cha pamba iliyobanwa jioni, asubuhi mzima kashaichambua kajenga kiota kirefu kama bakuli, anayeumwa kaitafuna pembeni kaiacha. Na uso, kuna skeli ya 2010 ya kundi hilohilo la Mogil, unatoa maksi 0 mpaka 2 kwa jinsi jicho lilivyobana, pua, shavu, masikio na sharubu. Ile ya uso inasaidia siku za mwanzo, ila maumivu yakishakuwa sugu panya anakuwa na uso wa kawaida kabisa huku shavu haligusiki. Hapo ndo nilipoelewa kwa nini kiota kina thamani.

Najua kuna wanaouliza huo si ukatili. Swali halali, na kamati ya wanyama ya chuo inaliuliza kwa ukali kuliko nyinyi. Ubishi wetu mkubwa ulikuwa dawa ya maumivu: ukitoa unaua unachokipima, usipotoa unamtesa bure. Tulikubaliana buprenofini siku za upasuaji, chakula laini, mzani kila siku, na akipungua uzito kufikia kiwango tulichoandika anatolewa hapohapo, hata kama data yake ni tamu.

Kinachonishangaza mpaka leo ni kwamba bakteria hawahitaji kusubiri uvimbe ndo mtu aumwe. Neva za uso zenyewe zina vipokezi, yaani vinasa-ishara, vya TLR4 vinavyoshika ukuta wa bakteria moja kwa moja, zinamwaga CGRP, kemikali inayochochea maumivu, zinaota matawi mapya kuzunguka jipu, na kule kwenye shina la ubongo seli za maikroglia, walinzi wa kinga wa ubongo, nazo zinawaka. Ndo maana nikisikia mtu nyumbani kanunua amoksilini duka la dawa kutuliza jino nataka kupiga simu. Haitulizi maumivu, jino lifunguliwe lisafishwe au ling'olewe.

Sasa hivi tunang'oa lile gego bovu kwa panya waliokaa nalo muda mrefu, tunaangalia shavu linarudi lini kuvumilia uzi mnene kama zamani na kwa nani halirudi kabisa. Kuna wasiorudi, na hao ndo nimeomba niongezewe hela ya kuwafuatilia.