Shangingi la mjomba na filta isiyoonekana

Mwanza niliondoka nikiwa sijui kufungua hata nati ya tairi. Kirumba nilikokulia, gari likigoma unaita fundi, fundi anakuja na kijana wake wa kubeba spana, mnapiga soga, jioni linawaka. Minneapolis, Marekani, ndiyo iliyonilaza chini ya gari. Huku saa moja ya mtu mwenye spana, ukiipeleka kwenye shilingi, inakukosesha usingizi, na mimi kila mwisho wa mwezi nina watu wa kuwatumia hela. Familia ilipoongezeka nikanunua Sequoia iliyotumika, lile dude la Toyota lenye V8 ya lita 5.7. Injini yake inapokea lita 7.5 za oili ukibadilisha na filta. Dumu la dukani huku ni la lita 4.7, kwa hiyo moja halitoshi na mawili yanabaki.

Kumwaga oili hakuna ujanja wowote. Unafungua nati ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, unaweka beseni, unasubiri. Shughuli ipo kwenye filta. Aliyezoea filta za kopo, zile unazozungusha kwa mkono au kwa mkanda, ataingia chini ya gari hili na tochi yake, atapapasa kulia, atapapasa kushoto, na atatoka akiapa kwamba Wajapani walisahau kuiweka. Imefichwa na bamba la chuma linalokinga tumbo la injini. Fungua bolti za bamba, lishushe, ndipo utakapoliona kopo nene sehemu ya mbele, limeelekea chini. Kopo lenyewe hulitupi. Ndani yake mna filta ya karatasi tupu, na hiyo ndiyo unayobadilisha.

Kulifungua kunataka kikombe maalumu cha milimita 64 chenye pembe 14 ndani, kinachovaa kopo barabara kisha kinazungushwa kwa racheti. Nunua cha chuma. Vile vya bati jepesi vinateleza, na vikishateleza vinalamba pembe za kopo. Ila kabla ya kukivalisha, kuna kifuniko kidogo chini ya kopo chenye tundu la mraba. Racheti ya inchi tatu kwa nane inaingia humo moja kwa moja bila soketi. Ukishakitoa, chukua kibomba cha plastiki kinachokuja kwenye boksi la filta orijino, kisukumie hapo, na oili iliyobaki ndani ya kopo itashuka kwa adabu kwenye beseni. Watu wengi wanakitupa kibomba hicho pamoja na boksi, halafu wanaoga oili hadi kwapani.

Nimeyasema yote haya kwa sababu ya likizo yangu iliyopita. Mjomba wangu wa Buzuruga anafanya biashara ya dagaa na ana shangingi, Land Cruiser la 200 lenye injini ya petroli ya lita 4.6, ukoo mmoja na ya Sequoia yangu. Zamani Sengerema alikuwa anaionea uvivu kwa sababu ya foleni ya kivuko pale Kigongo. Tangu daraja la Kigongo hadi Busisi lifunguliwe mwaka 2025, kilomita 3 hivi juu ya maji, anavuka akijisikia tu, na kilomita za gari zinakimbia. Alinipigia kabla sijasafiri: "Mpwa, njoo na filta mbili na hicho kidude chako cha kufungulia." Nikavitia kwenye begi katikati ya nguo za watoto.

Siku ya kazi bibi alitoka ndani akanikuta nimeshaingia chini, miguu nje. "Marekani yote ile, mjukuu wangu, umerudi kulala kwenye vumbi? Mjomba wako amekosa hela ya fundi?" Akaenda kuleta mkeka. Nilimwambia asilete. Akaleta. Ule mkeka sasa ni wa kuanikia mihogo, na lawama ni zangu.

Fundi naye alikuja, kwa sababu mjomba alikuwa amempigia Nyakato kimyakimya. Kumwachia mpwa wa ughaibuni gari la bei ile hakukuwa kunamtuliza moyo. Mimi nilifurahi. Jamaa alisikiliza injini kidogo tu, akaniambia mkanda una kelele ambayo mimi sikuwa nimeisikia.

"Hizi tunazijua, bosi," alisema akikigeuzageuza kile kikombe. "Shida ni kifaa. Mtu anakuja na patasi na nyundo, anapasua kopo, na kopo jipya unaanza kuliulizia Dar. Ndiyo maana wengine wanamwaga oili tu, filta wanaiacha humohumo."

Wenye magari wanatakiwa kuisikia hiyo sentensi. Filta isipobadilishwa gari haligomi. Ndani ya mfumo kuna vali inayofunguka filta ikiziba, ili injini isikose oili. Oili inapita, ila inapita na uchafu wake, bila kuchujwa. Taa ya deshibodi haiwaki. Dipstiki inaonyesha oili safi ya rangi ya asali. Mwenye gari anaondoka anatabasamu, na vyuma vya ndani vinasagwa polepole kwa miaka. Tulipolishusha kopo la mjomba, karatasi ilikuwa nyeusi tii, mikunjo yake imelala upande mmoja, na oringi, ile pete ya mpira inayozuia oili kuvuja, imekauka hadi inakatika mkononi. Risiti za gereji ya awali zilikuwa kwenye gari: kila servisi filta imeandikwa na imelipiwa. Mjomba alizisoma zote amesimama, kisha akatamka neno la Kisukuma nisiloweza kuliandika mbele ya watoto.

Tukakunjua mikunjo ya ile karatasi juani kutafuta chembe za chuma. Hapo filta ya aina hii inaishinda ile ya kuzungusha kwa mkono, maana ile mpaka uikate kwa msumeno ndipo uione ndani. Chembe hazikuwepo. Mjomba akavuta pumzi.

Boksi la filta linakuja na oringi mbili, kubwa ya kopo na ndogo ya kifuniko. Ya zamani hupenda kung'ang'ania kwenye mfereji wake; ukiweka mpya juu yake, oili itavuja tu. Mpya unaipaka oili safi kwa kidole kabla ya kufunga. Kukaza nako kusiwe kwa hasira. Kopo linataka newton-mita 25, hicho ni kipimo cha nguvu ya kukaza, kile kifuniko kidogo 13, nati ya sampu 40. Anayeruka juu ya spana ndiye anayemwandalia kazi fundi wa servisi ijayo.

Tulibishana juu ya oili. Mimi natumia 0W-20, nyepesi, kwa sababu Minneapolis mwezi wa Januari gari linawashwa kwenye baridi kali chini ya sifuri. Fundi akaimimina kwenye kifuniko cha chupa. "Hii ni maji, bosi." Kitabu cha gari la mjomba kiliruhusu nzito zaidi kwa joto letu, tukaweka 5W-30. Hapo alishinda yeye. Kwenye kilomita nilishinda mimi: Toyota ya Marekani inatoa maili 10,000 kwa oili ile, lakini kwa anayepita barabara za vumbi inashusha hadi 5,000, yaani kama kilomita 8,000. Mjomba anapita vumbi kila wiki, kwa hiyo asinililie kilomita za Wamarekani.

Oili chafu nilitaka kujua inakwenda wapi. Huku naipeleka kwenye duka la spea wanaipokea bure. Mwanza maji ya bomba yanavutwa ziwani, Capripoint na siku hizi Butimba, na kinachomwagwa mtaroni Mto Mirongo unakifikisha ziwani bila kuuliza. Fundi ana pipa. Maseremala wanachukua kupaka mbao dhidi ya mchwa. Afadhali hivyo kuliko mtaroni, ingawa mvua ikinyesha sijui mbao zile zinabaki na kiasi gani.

Kilichobaki ni kikombe. Mjomba alitaka kikae ndani ya gari lake. Mimi nikasema kibaki kwa fundi, maana mashangingi ya aina hiyo Nyakato si moja wala mawili.

"Basi servisi ijayo ufundi silipi," mjomba akasema.

"Utalipa nusu, mzee," fundi akajibu, kikombe kikiwa kimeshaingia kwenye sanduku lake la spana.