Jahazi la Katoni Katika Kanivali ya Nice

Nilipokuwa nikisoma Marseille, kufika Februari mfuko wangu ulikuwa umekwisha kutoboka, na niliposikia kwamba kanivali ya Nice, mji wa pwani kusini mwa Ufaransa, hutoza kiingilio nilikuwa karibu kughairi safari. Mwenzangu wa chumbani, msichana wa Kingazija aliyezaliwa papo hapo Marseille, ndiye aliyenieleza kwamba anayekuja amejipamba kikamilifu, tangu kichwani hadi miguuni, huachwa aingie bure sehemu ya kusimama kutazama gwaride la magari yenye masanamu. Akanishauri nivae buibui na leso, kwani mbele ya walinzi wa mlangoni hayo yangetosha.

Nilimpigia mama simu Kibokoni, Mombasa. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Leso ni nguo yetu, mwanangu, si kinyago. Ukiivaa, ivae kwa sababu umevaa nguo." Nilitia leso mkobani na kuanza kuunda jahazi.

Nilipata katoni mbili dukani, nikazikata na kuzishona kwa kamba ili nizivae kiunoni, gubeti likiwa limechongoka mbele na kila ubavu wake umechorwa jicho jeupe kama majahazi ya kwetu. Mti wa ufagio ulikuwa mlingoti, ubao mwembamba ukawa foromali, na shuka langu la kitanda likawa tanga. Garimoshi lilituchukua saa mbili na nusu hivi, nami njia nzima nililikumbatia lile jahazi likiwa limekunjwa, huku abiria wakilikwepa kwa adabu.

Jumamosi usiku, mlangoni mwa uwanja wa Masséna, mlinzi alilisifu tanga, kisha akaashiria raba zangu: miguu haikuwa imepambwa. Hapo sikuwa na la kusema. Mwenzangu alichomoa mifuko miwili ya plastiki ya buluu tuliyobebea mikate, akanifunga miguuni na kumwambia kwamba hayo ndiyo mawimbi. Mlinzi alicheka, tukapita.

Ndani, karatasi za rangi zilituangukia hadi mdomoni, na masanamu yenye vichwa vikubwa kuliko gari la matatu yalipita yakiyumba juu yetu. Tatizo lilikuwa upepo wa baharini, ambao kila ulipovuma ulilijaza tanga na kunisukuma juu ya watu, hata nikalazimika kulitua kama nahodha mwenye akili.

Tulilala kwa shangazi ya mwenzangu. Asubuhi tulikula soka, chapati ya unga wa dengu inayonukia bajia, tukiwa tumeketi ufukweni juu ya kokoto, kwani pale mchanga kama wa Nyali hakuna. Vita vya maua, gwaride ambalo watazamaji hurushiwa maua kutoka magarini, vinavyofanyika tangu 1876, hatukuvilipia, ila bibi mmoja aliyekuwa akitoka alitugawia matawi ya mimosa, maua ya manjano.

Jioni mama alipiga simu kuuliza kuhusu leso. Nilimwambia kwamba nilijitanda usiku kucha chini ya jahazi, kwa baridi.