Kokoto juu ya kaburi la Worms

Jumapili, usiku

Nilikwenda Worms, mji wa Ujerumani, kwa ajili ya Martin Luther. Sisi tuliolelewa katika usharika wa Kilutheri kule Old Moshi tunamjua tangu kipaimara, na huu ndio mji aliosimama mbele ya Kaisari mwaka 1521 akakataa kuyakana maandiko yake. Nikaiona sanamu, nikapiga picha ya kumtumia mama. Saa zote zilizobaki niliziacha upande wa pili wa mji, kwa Wayahudi.

Mtaa wao wa zamani umepinda kufuata ukuta wa mji. Sinagogi la kwanza lilijengwa hapo mwaka 1034. Novemba 1938 Wanazi walilichoma, na hili lililopo lilijengwa upya kwa mawe ya zamani yaliyookolewa, likafunguliwa mwaka 1961. Nilisimama ukutani nikiwaza kwamba Luther huyuhuyu, mwaka 1543, aliandika kuwa masinagogi yachomwe moto. Hilo kwenye kipaimara hatukuambiwa. Limeniuma, na naona tulistahili kuambiwa.

Nje kuna ngazi za kushukia kwenye josho, bwawa la Wayahudi la kujitakasa, zilizochimbwa miaka ya 1180. Kila hatua baridi inaongezeka, mpaka unafika yalipo maji.

Lakini ni makaburini ndipo nilipokaa. Wenyeji wanapaita Heiliger Sand, yaani Mchanga Mtakatifu, na kuna mawe ya tangu karne ya 11. Mengi yameinama, mengine yamezama nusu kwenye nyasi, maandishi ya Kiebrania yameliwa na kuvu. Ukiinua macho unaona minara ya kanisa kuu. Mwaka 1096 wapiganaji wa msalaba waliwaua Wayahudi wa mji huu kwa mamia, na mwaka 1349, wakati wa tauni, wakauawa tena. Waliosalia walirudi, wakaendelea kuzika palepale.

Karibu na lango kuna mawe mawili yamesimama bega kwa bega, juu yamejaa kokoto, ambazo Wayahudi huziweka kaburini kumkumbuka marehemu, na katikati ya kokoto kuna vikaratasi vya maombi vilivyokunjwakunjwa. La kwanza ni la Rabi Meir wa Rothenburg. Mwaka 1286 alikamatwa akijaribu kuihama Ujerumani, akafungwa na Mfalme Rudolf. Wayahudi walikuwa tayari kumkomboa kwa fedha nyingi. Inasimuliwa kwamba yeye ndiye aliyekataa, wafalme wasije wakaona kukamata marabi ni biashara. Akafia kifungoni mwaka 1293, na hata maiti yake haikutolewa. Miaka 14 ilipita bila kuzikwa kwa watu wake. Mwaka 1307 mfanyabiashara mmoja, Alexander ben Salomon Wimpfen, alitoa fedha zake akaukomboa mwili. Alichoomba ni kuzikwa ubavuni mwa rabi. Mwaka huohuo naye akafa, wakampa alichoomba.

Hapo magoti yaliniisha nguvu, nikakaa chini kwenye nyasi.

Kwetu watoto huoneshwa mti alionyongewa Mangi Meli, mtawala wetu wa Old Moshi, tarehe 2 Machi 1900, kwa amri ya Wajerumani. Inaaminika kichwa chake kilikatwa na kuletwa huku Ujerumani. Familia imekitafuta miaka na miaka. Mchagga huzikwa kihambani, shamba la nyumbani, kwenye migomba, na mmea wa sale ukapandwa kaburini. Babu yangu yuko hivyo, hatua chache tu kutoka jikoni kwa mama. Kwa hiyo naelewa mtu kutumia mali yake kuirudisha maiti. Ni jambo nililolielewa kabla sijamaliza kulisoma.

Niliokota kokoto njiani, ya kijivu, ndogo kama punje ya kahawa. Sikuiweka kwa rabi, maana yeye anazo nyingi. Niliiweka juu ya jiwe la Alexander.

Kwenye treni mama akapiga, ameipata picha ya Luther, amefurahi. Nikamsimulia habari ya wale wawili. Akanyamaza kidogo.

"Huyo aliyetoa hela, mwanangu, alikuwa ndugu yake?"

"Hapana, mama. Sijasoma popote kwamba walikuwa ndugu."

"Na wakamlaza naye?"

"Wakamlaza naye, mama. Wako pamoja mpaka leo."