Jioni Tuliposoma Vifungu Vyote 41

Sali, yaani ukumbi, ya parokia tuliyokuwa tukikutania kule Kadutu ina paa la mabati, na mvua ya Desemba ikishuka Bukavu, mashariki mwa Kongo, humsikii hata aliyekaa ubavuni mwako. Jumapili ya tarehe 20 Desemba 2009 nilisimama mbele ya sali hiyo, karatasi mkononi, nikingoja mvua ipungue nianze kusoma. Nilikuwa sekretere wa mituele yetu ya afya, na nilikuwa nimeamriwa kusoma kanuni zote za chama, vifungu 41, kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Mashi. Aliyeomba hivyo hakutaka tuelewe chochote. Alitaka giza liingie.

Mituele yetu ilikuwa chama cha kuchangiana matibabu. Kila familia ililipa mchango mara moja kwa mwaka. Ukiugua, unakwenda kituo tulichoandikiana nacho, unaonyesha kadi, unatoa sehemu ndogo na chama kinalipa iliyobaki. Sheria ya nchi kuhusu mituele ilikuja kutoka Februari 2017, kwa hiyo wakati ule tulijiendesha kwa kanuni tulizojiandikia. Na zilikuwa na matundu mawili. La kwanza, operesheni hazikulipiwa. La pili, dawa zilinunuliwa kwa boni, karatasi ya chama ya kuchukulia dawa, kwenye duka lolote la mtaani, na chama kilirudisha pesa bila kuuliza bei. Tulitaka kuyaziba yote mawili: upasuaji wa uzazi ulipiwe, na dawa zichukuliwe kwenye famasi ya kituo, ambako zilikuwa za bei nafuu. Pesa ya la pili ndiyo ingelipia la kwanza.

Kulikuwa na mfanyabiashara mmoja wa dawa ambaye boni zetu zilikuwa zikiishia kwake. Sitamtaja. Hakuwa mwanachama wala hakuwahi kukanyaga sali yetu. Marekani mtu anayelipwa kusukuma mambo ya wengine bungeni hujiandikisha, ana ofisi, na unaweza kusoma nani anamlipa. Kwetu hakuna daftari la namna hiyo. Kuna wapangaji wa nyumba zake, kuna wapwa zake, kuna anaowadai.

Kikao cha Septemba kilivunjika, wajumbe hawakutosha. Cha Oktoba kilianza vizuri, kisha mtu akasimama akasema jambo hili ni zito, liundiwe tume. Nani atakataa tume? Tume ikakutana mara moja. Hakuna hata mmoja aliyesema operesheni za uzazi zisilipiwe. Wote walikuwa nazo upande mmoja, ila bado kidogo, ila tuangalie vizuri, ila mwaka ujao.

Na katikati ya hizo "ila", tarehe 23 Novemba, binti wa mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akajifungua kwa kupasuliwa. Mama huyo alikuwa mjumbe wa mtaa wake na alilipa mchango wake bila kukosa. Operesheni haikuwa kwenye kanuni. Faktire ikatoka, dola 140, na binti akazuiwa hospitali na mtoto wake mpaka deni liishe. Nilikwenda kumwona mara mbili. Kitanda alikuwa amenyang'anywa, analala kwenye mkeka koridoni na akina mama wengine wanne wenye shida kama yake. Alikuwa akifua vitambaa vya mtoto kwenye bomba la nyuma, kidonda bado kibichi, mkono mmoja ukishika tumbo na mwingine ukisugua. Getini mlinzi hamruhusu mtu kupita bila karatasi ya kutoka. Kila siku tuliyoahirisha sisi, yeye aliilala pale.

Baba yangu mdogo, mwalimu aliyestaafu, alikuwa na redio ya mawimbi mafupi ambayo haikuzimwa ila betri zikiisha. Mwaka ule mzima alikuwa akifuatilia sheria ya afya ya Rais Obama, ya kuwapa Wamarekani wengi zaidi bima, kama mtu anayefuatilia kesi ya shamba la ukoo. Ni yeye aliyenieleza kwamba Rais Truman aliomba bima ya afya kwa Wamarekani wote mwaka 1945, na kwamba chama cha madaktari wa huko kilitoa pesa nyingi kuipiga vita. "Hawakuishinda kwa hoja," aliniambia, "waliishinda kwa kalenda." Miaka mingi baadaye nilisoma hesabu ya Center for Public Integrity, shirika la waandishi wa uchunguzi la Marekani: mwaka 2009 washawishi waliolipwa kwa ajili ya sheria ile walikuwa zaidi ya 4,500, karibu wanane kwa kila mbunge na seneta. Niliisoma mara mbili, nikamkumbuka yule wetu mmoja.

Alhamisi ile kabla ya kikao alinijia na habari mpya. Jana yake Seneta Bernie Sanders wa Vermont alikuwa ameleta pendekezo la bima moja ya umma, kurasa 767. Seneta Tom Coburn akadai lisomwe lote kwa sauti, kama kanuni zinavyomruhusu. Karani akaanza kusoma. Baada ya saa tatu hivi Sanders akaliondoa mwenyewe, maana muda ulikuwa unaliwa na Krismasi inakaribia. Nilimfikiria sana yule karani, koo likikauka, akisoma maneno ambayo aliyeyadai hayasikilizi.

Basi Jumapili mmoja wa wapangaji wa yule mfanyabiashara aliposimama na kusema, kwa upole kabisa, "Kwa ajili ya uwazi, naomba kanuni zisomwe zote katika lugha tatu," baba mdogo alinigeukia. Hatukusema kitu. Haki hiyo ilikuwemo, kifungu cha 9. Nilikipiga taipu kwa mikono yangu.

Wajumbe waliohudhuria walikuwa 53, na akidi, idadi ya chini ya kupiga kura, ilikuwa 40. Mpango ulikuwa wazi kwa mwenye macho: mimi nisome, watu wachoke, waondoke mmojammoja. Nilianza saa tisa na nusu. Kifaransa kilipoisha tulikuwa 49. Katikati ya Kiswahili umeme ukakatika, tukawasha tochi na simu, tukawa 46. Mama wa sambaza akachukua beseni lake tupu, akaenda akakaa kizingitini. Hakumzuia mtu. Ila anayetoka ilimbidi amruke, na mama alimwuliza kila aliyemruka jina la mtoto wake wa mwisho na alizaliwa wapi. Wawili walirudi kukaa.

Nilipofika Mashi sauti ilikuwa imebaki ya kukwaruza. Nikamwangalia yule mama kule mlangoni, nikasimama kidogo. Akasema, "Soma tu, mwanangu. Siye hatuna fasi ya kwenda."

Hapo ndipo lilipotokea ambalo aliyetuma watu wake hakulipanga. Wazee wengi wa kike mle ndani walikuwa wamelipa michango miaka mitano, na kanuni walikuwa hawajawahi kuzisikia kwa lugha wanayoota nayo. Usingizi uliwatoka. Wakaanza kunikatiza. Kifungu cha 27 kinasema mwanachama yeyote anaweza kuomba kuona orodha ya boni zilizolipwa. Bibi mmoja aliyekuwa amejifunika kitenge mpaka kichwani akainua mkono: "Yeyote, ni pamoja na mie?" Nikamjibu ndiyo, mama. "Basi niione." Mtunza hazina akafungua daftari chini ya mwanga wa tochi akasoma miezi mitatu. Duka lilelile, duka lilelile, duka lilelile. Sali ilikuwa kimya kiasi kwamba tulisikia maji yakidondoka kutoka kwenye mabati. Yule mpangaji alikaa akitazama viatu vyake, na mimi nilimwonea huruma kweli, maana kodi yake nilijua ni ya miezi mingapi.

Tulipiga kura saa mbili kasoro za usiku tukiwa 43. Waliokubali 38.

Lakini kabla ya kura kulikuwa na marekebisho, na hapa ndipo bado panaponiuma. Mmoja wa watu wa yule mfanyabiashara aliomba kanuni mpya ianze tarehe 1 Aprili, ili chama "kijiandae". La sivyo, alisema, yeye na wenzake watatu wanatoka sasa hivi. Tulikuwa 43, wakitoka wanne, tunabaki 39. Prezida wa chama akaniangalia. Nikatikisa kichwa kukubali. Miezi mitatu na zaidi ya boni nyingine kwenye duka lile, na kwa yule binti koridoni kanuni tuliyoipigania haikuwa na kitu. Nimejiuliza mara nyingi kama nilipaswa kukataa. Marekani nao walilipa bei ya aina hiyo: bima ya umma ya hiari, ambayo mtu angeichagua badala ya ya kampuni, iliondolewa mwezi ule ule ili kupata kura ya Seneta Joe Lieberman wa Connecticut, jimbo la makampuni ya bima, na Obama alipotia saini tarehe 23 Machi 2010, sehemu kubwa ya sheria ilisubiri Januari 2014. Mgonjwa wa 2010 alifanya nini na tarehe hiyo?

Watu walipokuwa wanatoka, yule bibi wa kitenge alisimama kizingitini akatia faranga kwenye beseni la sambaza. Wa nyuma yake naye akatia. Deni la binti lilikuwa limebaki dola 38, na usiku ule zilitimia, noti zenye harufu ya samaki.

Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye dirisha la malipo la hospitali. Washington ilikuwa saa saba usiku, theluji imejaa barabarani, na baba mdogo alinisimulia jioni kwamba saa ile ile Seneti ilikuwa ikipiga kura kufunga mjadala, 60 kwa 40, na Seneta Robert Byrd, mwenye miaka 92, aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Sisi tulikuwa tunahesabiwa chenji.

Getini mlinzi aliipokea karatasi ya kutoka, akaisoma polepole, akaigeuza, akarudia kuisoma. Binti alikuwa amembeba mtoto mbele kwa sababu ya kidonda.

"Soma mpaka mwisho, baba," mama yake akamwambia. "Tumezoea."

Mlinzi akafungua.