Kilo 348 za sangara ambao hawakuvuliwa

Hitilafu ninayoieleza hapa ilinisumbua kwa wiki mbili na siku kadhaa, na nimeamua kuiandika kwa sababu ushauri niliopewa ulikuwa mwingi, ulitolewa kwa kujiamini, na karibu wote ulinipoteza njia.

Mama mmoja anayefanya biashara ya samaki pale Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, ambaye ni shoga wa mama yangu mdogo, aliniomba nimtengenezee programu ya kujumlisha kilo. Hupokea dagaa wakavu kwa magunia kutoka visiwani, hupokea pia sato na sangara, na miaka yote hiyo alikuwa akiandika kila kipimo kwa kalamu katika daftari la kaunta. Tulikubaliana laki na kitu pamoja na samaki wa mboga kila nitakapofika. Kwa majivuno ambayo leo nayaonea haya, nilimwambia kwamba daftari lile sasa alitumie kuwashia jiko. Yeye akatabasamu, akalifuta vumbi, akalirudisha chini ya meza.

Niliandika kwa lugha ya Python, nikatumia urithi wa klasi kama nilivyojifunza: klasi ni kiolezo cha kuundia vitu vya aina moja, na klasi mtoto huchukua yaliyomo kwa mzazi. Klasi mzazi ilikuwa Samaki, na watoto wake Dagaa, Sato na Sangara. Mambo yanayowahusu wote niliyaweka kwa mzazi ili nisiyarudie mara tatu:

    class Samaki:
        idadi = 0
        vipimo = []

        def pima(self, kilo):
            self.idadi += 1
            self.vipimo.append(kilo)

Msomaji mzoefu ameshaona kosa na huenda anacheka. Mimi sikuliona, kwa kuwa nyumbani nilijaribu kwa dagaa peke yao na hesabu ikatoka sawasawa mara zote.

Siku ya kwanza ya kazi, alfajiri, yalipimwa magunia manne ya dagaa: 48, 51, 50 na 47. Programu ikasema kilo 196, mama akatazama daftari lake, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Wakafuata sato, matenga mawili, 22.5 na 19. Programu ikasema 237.5, lakini wakati huo mama alikuwa akibishana na mteja kuhusu bei na hakuna aliyeangalia. Kisha sangara, matenga matatu, 36, 41 na 33.5, na hapo kioo kikaonyesha bila haya yoyote: sangara, idadi 3, jumla kilo 348.

“Ng’wanawane,” mama aliniita, yaani mwanangu kwa Kisukuma, “matenga matatu, kilo mia tatu arobaini na nane? Hao ni sangara au viboko?”

Nilimjibu kwamba ni mizani. Jibu hilo lilinigharimu siku tatu. Nilibadilisha betri, nikaifuta chumvi na magamba, nikanunua sukari kilo mbili dukani ili niipime mara kwa mara, na sukari ikaendelea kuwa kilo mbili. Niliibeba hadi kwa fundi mmoja mjini, akaifungua, akaipuliza, akachukua kama elfu kumi na tano, akasema ilikuwa na unyevu. Ikarudi ikiwa nzima kama ilivyokwenda, kwa sababu haikuwa na tatizo lolote.

Kilichonizuia kuishuku programu ni ile idadi. Matenga yalikuwa matatu na programu ilisema matatu. Niliwaza kwamba kama msimbo ungekuwa mbovu, idadi nayo ingeharibika, maana idadi na vipimo vimeandikwa sehemu moja, mstari mmoja chini ya mwingine, na vinarithiwa kwa njia ileile. Wazo hilo lilikuwa na mantiki na lilikuwa la uongo, nami nitalirudia baadaye kidogo.

Siku ya nne nilimwonyesha kijana mmoja aliyemaliza chuo, ambaye huandika kwa Java, lugha nyingine ya programu. Alinieleza kwamba orodha iliyowekwa juu katika klasi ni ya wote, kama zilivyo sifa za static katika Java, ambako mzazi na watoto wote hutumia nakala moja tu. Hapo alisema kweli. Kisha akanipa dawa: katika konstrukta ya mzazi, yaani sehemu inayoendeshwa kila kitu kipya kinapoundwa, isafishe orodha kwa self.vipimo.clear(), ili kila samaki aanze na orodha tupu. Aliongeza kwamba ni mstari mmoja tu na hakuna haja ya kufumua kazi yangu yote. Ni nani asiyependa kuambiwa hivyo?

Ile siku nitaikumbuka. Kwa mpangilio wangu, kila kitu cha klasi kilikuwa kinaundwa pale tu mzigo wa aina hiyo unapoanza kupimwa. Dagaa wakapimwa, jumla ikatoka sahihi. Tukafungua sato, orodha ikasafishwa, jumla ya sato ikatoka sahihi. Tukafungua sangara, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, jumla ya sangara ililingana na daftari hadi nusu kilo. Nilitembea hatua kadhaa kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Mchana nililipia ugali na sato wa kuchemsha kwa watu wanne, akiwemo yule kijana wa Java aliyekuja kushuhudia kazi ya mikono yake, na wakati wote wa chakula nilikuwa ninaeleza urithi wa klasi kwa mbeba mizigo ambaye aliitaka minofu tu.

Saa tisa likaingia gunia moja la dagaa lililochelewa, kilo 49. Mama akalipima kwa mizani ileile ya dagaa tuliyoifungua alfajiri, na programu ikatangaza kwamba dagaa wa siku nzima ni kilo 159.5.

Asubuhi walikuwa 196. Gunia limeongezeka na kilo zimepungua. Niliomba muhtasari wa siku, ukaja: dagaa 159.5, sato 159.5, sangara 159.5. Yule kijana alitazama kioo, akatazama saa yake, akakumbuka kwamba ana safari ya Igoma.

Maelezo ya tukio lile ni mepesi ukishayajua. Orodha ilikuwa moja kabla ya dawa, na ilibaki moja baada ya dawa; kusafisha hakukuongeza orodha ya pili, kulimwaga tu ya wote kila alipoingia mgeni. Asubuhi tulipata majibu sahihi kwa sababu tu kila aina ilisomwa kabla haijamwagwa. Mwisho wa siku orodha ilikuwa na sangara watatu na gunia moja, na kila aliyeulizwa aliisoma hiyohiyo.

Usiku ule nilikaa na kompyuta bila mshauri. Niliunda dagaa mmoja, sato mmoja na sangara mmoja, nikachapisha id ya orodha ya kila mmoja, yaani ile namba ambayo Python hukipa kila kitu kilichomo kwenye kumbukumbu. Zikatoka namba tatu ndefu, zote zikiishia kwa tarakimu zilezile. Nikazikagua kutoka mwanzo kwa kidole kwenye kioo. Zilikuwa namba moja iliyoandikwa mara tatu. Kisha nikampima sangara mara tatu na kuchapisha vars(sangara), ambayo huonyesha vitu ambavyo sangara huyo anavimiliki mwenyewe. Ikaonyesha idadi: 3, basi. Vipimo havikuwemo kabisa.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini idadi ilinidanganya. Unapoomba sifa, yaani jina kama idadi au vipimo, Python huitafuta kwanza kwa kitu chenyewe, ikiikosa huenda kwa klasi yake, kisha kwa wazazi kwa utaratibu wake. Lakini unapoweka thamani kwa alama ya usawa kupitia self, huandikwa kwa kitu chenyewe. Kwa hiyo self.idadi += 1 ilisoma sifuri ya mzazi, ikaongeza moja, na kumwandikia sangara idadi yake binafsi. Append, yaani amri ya kuongeza kitu mwishoni mwa orodha, haiweki kitu kipya chini ya jina. Huenda moja kwa moja kwa orodha iliyopatikana na kuibadilisha hukohuko iliko, yaani kwa mzazi. Tahadhari ndogo kwa wanaopenda njia za mkato: self.vipimo += [kilo] haitakuokoa, kwa sababu kwa orodha alama ile huibadilisha ileile ya wote na papo hapo huiandika kwa kitu chenyewe, kiasi kwamba hata vars itakuonyesha kana kwamba kila mmoja ana yake.

Asubuhi niliandika self.vipimo = [] ndani ya konstrukta ya Samaki. Hii ndiyo dawa ambayo watu wengi huitaja na mara nyingi inatosha. Kosa langu lilikuwa kuiacha ile orodha ya zamani juu kwenye klasi, nikidhani haina madhara. Asubuhi hiyohiyo nilikuwa nimempa Sangara konstrukta yake mwenyewe, kwa sababu ya mabondo, yaani vibofu vya hewa vya tumboni mwa samaki, ambayo bei yake ni ya pekee na lazima yahesabiwe kando, na ndani ya konstrukta ile sikuwahi kuita super().__init__(). Bila amri hiyo, konstrukta ya mzazi haikuendeshwa. Sangara akatafuta vipimo kwake akavikosa, akapanda kwa mzazi, akaikuta orodha ya zamani ikimsubiri. Hakuna onyo lililotolewa, na kwa kuwa dagaa na sato walikuwa wameshahama, jumla zilitoka sahihi kwa siku tano.

Siku ya sita mama akaleta kayabo. Nikaongeza klasi ya Kayabo kama mtoto wa Sangara, kwani kayabo ni sangara aliyetiwa chumvi na kukaushwa, na kilo za kayabo zikaanza kuingia kwa sangara wabichi. Mama hakusema neno. Alilitoa daftari chini ya meza, akalifungua mbele yangu kwenye ukurasa wa siku ile, akalielekeza kwangu.

Nikaifuta ile orodha ya juu kabisa. Programu ikaanguka hapohapo ikilalamika kwamba kitu cha aina ya Sangara hakina sifa iitwayo vipimo, na nadhani sijawahi kufurahia kosa kiasi kile. Laiti ningeifuta siku ya kwanza, ningeambiwa ukweli siku ya kwanza. Nikaongeza super().__init__() kwa Sangara, kila mmoja akawa na orodha yake.

Wakati huohuo nikagundua kwamba sicho mama alichokihitaji. Siku za mzigo mkubwa hufungua mizani mbili za dagaa, na kwa mpango huu mpya kila mizani ilikuwa na jumla yake, ilhali yeye anauliza dagaa wote ni kilo ngapi. Alitaka ushirika, ila ushirika wa ndani ya aina moja: dagaa na dagaa, sangara na sangara. Ningeweza kuandika vipimo = [] kwa mkono katika kila klasi mtoto, na inafanya kazi, lakini ninajijua; siku nitakayoongeza kamongo nitasahau. Tangu toleo la 3.6 la Desemba 2016, Python ina njia ya kuendesha jambo kila klasi mtoto inapozaliwa:

    class Samaki:
        def __init_subclass__(cls, **ziada):
            super().__init_subclass__(**ziada)
            cls.idadi = 0
            cls.vipimo = []

        def pima(self, kilo):
            type(self).idadi += 1
            self.vipimo.append(kilo)

Kila mtoto hupewa orodha yake bila kuomba, na mjukuu vilevile, kwa hiyo Kayabo hachangii tena na Sangara. Samaki mwenyewe hapewi, na nimeacha hivyo makusudi: anayejaribu kupima “samaki” asiye na aina, programu imwangukie.

Ule mstari wa cls.idadi = 0 sikuuweka mara ya kwanza. Niliiacha sifuri kwa mzazi, nikiamini kwamba type(self).idadi += 1 itaiandikia kila klasi yake. Kwa dagaa na sato ilikuwa kweli. Kayabo wa kwanza wa siku alipopimwa baada ya sangara watatu, alisoma idadi ya mzazi wake Sangara, akaongeza moja, na kuanza maisha akiwa wa nne. Safari hii niliwahi kuona mwenyewe kabla ya mama, dakika chache tu kabla yake.

Juzi nilimkuta Mwaloni akipima dagaa kwa mizani mbili, jumla moja, kayabo wakiwa kwenye mstari wao. Daftari bado anaandika. Alinifungia sato wawili kwenye mfuko, kisha akaniuliza kama mabondo nayo yanaweza kupimwa kwa gramu, kila moja peke yake, na yote yabaki kwenye hesabu ya sangara aliyotoka.