Daftari la Karani

Juzi usiku binti yangu alisimama nyuma ya kiti changu nikifungua faili la 048 la kubadilisha muundo wa hifadhidata ili nirekebishe nilichokosea kwenye la 047. "Mama, si ulifute tu hilo la kwanza?" Nikamwambia hapana, hilo limeshapita kwenye seva. Akaenda kulala. Mimi fikira zikanirudisha Langoni, mtaa wa Lamu, kile chumba cha juu, usiku ule wa Alhamisi.

Tulikuwa watatu, watengeneza programu wa ushirika wa wavuvi. Ilikuwa kaskazi, kamba wanaingia kwa wingi kutoka Kizingitini, na kesho yake ushirika ulitakiwa kuwalipa wavuvi kabla ya sala ya Ijumaa kwa hesabu za mfumo wetu. Msimbo wa programu tuliutunza vizuri kwenye Git, programu ya kuhifadhi historia ya mafaili, kila badiliko na jina la aliyelifanya. Hifadhidata je? Hiyo kila mtu aliigusa kwa mkono wake. Anayetaka safu mpya aliiongeza papo hapo kwenye seva, kisha akatutumia skripti, faili la amri zake, kwa WhatsApp, au akaileta kwenye flashi. Kwenye flashi yangu kulikuwa na muundo_mpya na muundo_mpya_kamili. Nikaendesha la pili.

Mstari wake wa kwanza ulikuwa DROP TABLE, amri ya kufuta jedwali zima; iliyofuata ikaliunda upya, tupu. Mwenzetu aliuandika kwa ajili ya kompyuta yake ya majaribio. Nikajaribu ROLLBACK, amri ya kutendua, vidole vinatetemeka, lakini MySQL ikishafuta jedwali hairudi nyuma. Nikahesabu rekodi za mizigo: 0. Safu zote zipo mahali pake, ndani hamna kitu. Bakapu ya mwisho ilikuwa ya siku 9 nyuma.

Baada ya isha karani wa ushirika akapanda ngazi, daftari kwapani. Alinikuta nalia.

"Keti tini, mwanangu. Mimi nitasoma, wewe andika."

Akasoma. Tarehe, jina, chombo, kilo. Polepole, sauti moja, kama mtu anayevuta uradi. Mahali palipokosewa hakuparuka. "Hapa niliandika kilo 14. Nimepiga mstari. Chini yake 11, sahihi yangu, sahihi ya mvuvi."

"Mzee, nisomee hiyo 11 tu."

"La. Mtu huyu akija kesho akasema aliandikiwa 14, atakuwa amesema kweli."

Nikalivuta daftari nilitazame. Wino wa bluu, na ile 14 bado inasomeka chini ya mstari. Nikafungua kurasa za nyuma, miezi na miezi: hakuna palipokwanguliwa, hakuna ukurasa uliochanwa. Kila kosa liko pale lilipotokea, na dawa yake iko chini yake. Akaningoja nimalize kutazama, kisha akaendelea na jina lililofuata.

Tulimaliza alfajiri. Wavuvi walilipwa jioni badala ya asubuhi.

Wiki iliyofuata muundo wa hifadhidata nao ukaingia kwenye Git: kila badiliko faili lake, kila faili namba yake, na linajaribiwa kwenye nakala kwanza. Tukaweka Flyway, programu inayoandika ni faili gani zimeshapita, na mtu akichezea lililokwisha kupita, inakataa kuendelea. Wenzangu walisema ni kazi nyingi kwa watu watatu. Nilishikilia. Watatu ndio wasioulizana, kila mmoja akidhani mwenzake anajua. Bakapu ya kila usiku tuliianzisha kivyake, maana Git ilishika muundo tu; kilo zilizopimwa Jumanne hazimo humo.

Kuna mvuvi mmoja. Alileta mzigo wake asubuhi ya Alhamisi ile ile, karani hayupo, ukapimwa na kuingizwa kwenye kompyuta moja kwa moja. Daftarini hakuwa na mstari. Nilipomuuliza zilikuwa kilo ngapi, alifikiri, akasema, "Kama 20 hivi, dada."

Tukamlipa 20. Hadi leo tukikutana gatini hunisalimia kwa uchangamfu, na kila mara nataka kumuuliza tena.