Babu, Liemba na Daftari la Safari

Jumamosi iliyopita tulisoma hitma ya arobaini ya babu nyumbani Ujiji. Wageni walipokwisha kuondoka, bibi alinikabidhi madaftari kumi na manne yaliyofungwa kwa kamba ya katani, akaniomba nimsomee, kwa kuwa macho yake hayaoni tena maandishi ya penseli. Tulisoma mpaka usiku wa manane, na tangu hapo sijapata utulivu mpaka niandike habari za mzee huyu.

Babu alikuwa baharia wa Liemba. Kwa wasomaji wasiotoka upande wetu wa Ziwa Tanganyika, meli hiyo iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari hadi Dar es Salaam na kuletwa Kigoma, ambako iliunganishwa upya na kushushwa majini Februari 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata Wajerumani, walipoona vita vinawaelemea, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wao waliipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na Mei 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Babu hakuchoka kuisimulia ile sehemu ya grisi. Alishikilia kwamba fundi yule bila shaka alikuwa na mke na watoto, maana mtu hapaki mafuta kitu ambacho hana nia ya kukirudia.

Yeye mwenyewe alizaliwa Buha, mbali na ziwa, katika ukoo wa wakulima ambao hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Mwaka 1960, akiwa na umri wa miaka 22, alishuka Kigoma kwa miguu kutafuta kazi, akaandikwa katika meli iliyokuwa wakati huo chini ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Alipoulizwa kama anajua kuogelea alijibu ndiyo, kisha kwa majuma mengi akawa anakwenda Bangwe jioni kufundishwa na watoto wa wavuvi, akiwalipa kwa miwa. Alianza kwa kufagia sitaha na kuvuta kamba, akaishia kuwa serahangi, yaani msimamizi wa mabaharia.

Bibi alipoolewa aliambiwa na wenzake kwamba ameolewa na mgeni, kwa kuwa baharia nyumbani kwake ni mpita njia. Kwa hesabu ya siku walikuwa na haki. Meli ikiondoka Kigoma Jumatano alasiri ilifika Mpulungu, Zambia, Ijumaa, ikiwa imepita Lagosa, Ikola, Karema, Kirando, Kipili na Kasanga, kisha ikageuka kurudi kwa njia ile ile. Katika miaka ya 1970, meli ilipotolewa mashine za mvuke na kutiwa za dizeli, babu alikaa nyumbani muda mrefu kuliko wakati mwingine wowote wa ndoa yao. Alipanda michikichi, akaezua banda la kuku na kuliezeka upya bila kuombwa, akaanza kumfundisha bibi namna bora ya kupanga sufuria. Bibi anasema ni yeye aliyeiombea meli ipone haraka.

Lakini mtu yule, ambaye hakuweza kukaa palipotulia, hakuyatenga mapenzi yake ya safari na watu wa nyumbani kwake. Kila mmoja wa watoto wake wanne wa kiume alipotimiza miaka kumi na miwili alichukuliwa safari moja kwenda na kurudi. Baba mkubwa aliteremka Kasanga wakati wa likizo, akapelekwa kwa miguu kuyaona maporomoko ya Kalambo, ambayo maji yake yanaanguka zaidi ya mita 200 katika bonde la mpaka wa Tanzania na Zambia, na hadi leo akiyataja anainua mkono juu ya kichwa chake. Shangazi zangu wawili hawakuchukuliwa. Hilo ninalisema wazi, kwa sababu kumpenda marehemu si kumfichia upungufu wake, na shangazi mkubwa alimwambia hivyo babu mbele yetu sote.

Nadhani ni neno hilo lililonipatia nafasi mimi mwaka 1995. Babu, ambaye kwa utani wa babu na mjukuu aliniita mke mdogo, alitangaza kwamba safari hii anakwenda na mkewe. Bibi alikataa siku tatu. Siku ya nne alinishika bega, akanisogeza mbele na kumwambia, "Mume wangu, nakupa mke mwenzangu akiwa mzima, uniletee mzima."

Usiku wa kwanza wa safari babu aliniamsha tulipofika Lagosa. Hapakuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, ikapiga honi, na kutoka gizani ikatokea mitumbwi yenye taa, ikikimbilia ubavuni mwa meli kama siafu waliokanyagwa. Watu walipanda na kushuka kwa wakati mmoja kupitia mlango wa ubavuni, wakipokezana magunia ya dagaa, kuku, magodoro na watoto wachanga, huku kila mtu akipiga kelele kwa Kiswahili chenye lafudhi ya pwani yake. Babu alisimama mlangoni akiwa ameshika kamba kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akipokea watoto, mmoja baada ya mwingine, bila kuinua sauti. Mimi nilitaka kuona vizuri zaidi, nikajiinamia kwenye chuma, na kandambili yangu moja ikaanguka ziwani. Hakunikemea. Alinifunga kiunoni kwa kamba nyembamba, akafunga ncha ya pili kwenye nguzo, akaendelea na kazi.

Alistaafu mwaka 1998, jambo ambalo halikumzuia kwenda bandarini. Mei 2015, Liemba ilipokuwa ikiwatoa Kagunga maelfu ya wakimbizi wa Burundi na kuwaleta Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari, alikuwa na miaka 77 na alikwenda kila siku kutazama kutoka mbali. Aliporudi hakueleza mengi. Alimwuliza bibi tu kama kuna blanketi la ziada, na bibi akajua la kufanya.

Sasa nirudi kwenye madaftari. Kila safari ina kurasa mbili. Upande wa kushoto ameandika tarehe, upepo, bandari na shehena: mananasi, mahindi ya Rukwa, dagaa, saruji. Upande wa kulia ni mahitaji ya nyumbani, yaliyoandikwa kama bibi alivyoyatamka, na kila lililotimizwa limewekewa alama ya pata. Viatu vya shule, pea nne. Dawa ya kikohozi. Vitenge vya Mpulungu, visiwe vya bluu. Baadhi hayana alama, na yanaonekana tena safari inayofuata, na nyingine, mpaka yapatikane. Cherehani ilihamishwa ukurasa hadi ukurasa kwa muda wa miaka miwili.

Bibi aliniomba niutafute mwaka 1995. Niliupata katika daftari la kumi na moja, nikamsomea upande wa kulia taratibu, naye akiitikia kwa kichwa: sukari kilo tano, pata, vitenge viwili, pata, kandambili za mtoto, pata, hilo likiwa limeongezwa kwa wino tofauti. Mstari wa mwisho umeandikwa, "Mtoto, mzima," na mbele yake babu ameweka alama mbili.